Aliyemjibia Demetrio

Siku ya posa ya Anysia, padri aliuliza swali dogo tu la desturi, nalo likamvuruga akili Kaliste, mama yake.

"Baba wa ubatizo wa binti ni nani?"

"Mtakatifu Demetrio mwenyewe," Kaliste akajibu kwa maringo. Mwaka ule Wabulgari walipoizingira Thesalonike, wanaume wa heshima wote walikuwa vitani. Picha hii ya mtakatifu, iliyotundikwa hapa kanisani, ikashushwa, ikawekwa kando ya birika la ubatizo, ikawa ndiyo msimamizi.

"Na wa kijana?"

Fotino, mchumba, akajibu. "Demetrio huyohuyo, Padri. Picha hiihii."

Padri akafunga kitabu. "Basi hawa ni ndugu. Hakuna ndoa."

"Undugu gani, Padri?" Kaliste akasema. "Si ubao na rangi tu!"

"Haya, Mama Anysia, kama ni ubao, nani alisema 'Nasadiki' kwa niaba ya mtoto? Ubao hausemi. Aliyejibu ndiye mzazi wa ubatizo. Na kama ni marehemu shemasi aliyesaidia kubatiza, aliwajibia wote wawili. Bado ni ndugu."

Kaliste akaigeukia picha. Aliutazama uso ule mwembamba aliokuwa akiubusu kwa miaka kumi na saba. Macho makubwa, neno hakuna. Alikumbuka ubani, watoto wakilia, na sauti ikisema "Nasadiki". Ya shemasi? Yake? Alikuwa akijibu, au akijiombea tu? Kila alipodhani amekumbuka, hakuwa na hakika tena.

Lakini jambo moja alilijua vizuri. Jirani yao, mke wa mfinyanzi, alimsimamia mwanawe mwenyewe kwenye ubatizo. Kanisa likasema yeye na mumewe sasa ni ndugu wa kiroho, likawatenganisha. Mpaka leo wanapishana sokoni bila salamu.

"Mama, sema kitu," Anysia akalia.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

"Ni mimi," Kaliste akasema. "Mimi ndiye niliyemjibia Anysia."

Nikefori, mumewe kwa miaka ishirini sasa, akacheka kidogo, akidhani ni mzaha. Kisha akamsogelea. "Wewe, ni kweli hayo?"

Kaliste alitamani sana kujua. Aliogopa, akamtazama Demetrio, na Demetrio akamtazama vilevile kama siku zote.

Padri akafungua kitabu, akawaita vijana mbele. Shemasi wa sasa akamgusa Nikefori begani, akamwonyesha upande wa wanaume, mbali na Kaliste. Nikefori akaenda, shali la mkewe alilokuwa amemshikia bado liko mkononi mwake.