Kikohozi cha Mnara wa Kushoto

Nangila hakuwa mtu wa kuogopa mashine. Kikaushio cha hewa pale kiwanda cha maziwa, Kitale, kilikuwa na minara miwili. Mmoja ukikausha hewa ya kompresa, mwenzake hupashwa moto hadi punje nyeupe zilizomo ziteme maji yote ziliyonyonya, kisha hupokezana.

Punje za mnara wa kushoto zilipopungua, Nangila alijazia nyingine kutoka gunia lililorudishwa na mjane wa Absalom, fundi wa zamani aliyezikwa Mabanga mwezi uliopita. Mali ya kampuni irudi kwa kampuni, alisema yule mama.

Asubuhi hiyo mnara ulipopata moto na kupumua nje, ulikohoa. Kikohozi kirefu, cha kifua kibovu, chenye harufu ya dawa ya kuchua. Nangila akampigia simu yule mjane, Mabanga.

"Mama, hizi punje mlikuwa mmeziweka wapi?"

"Si ni chini ya kitanda ya mzee, mwanangu. Unyevu ya chumba ilikuwa inamsumbua kifua. Alizilalia mpaka siku ya mwisho."

Upuuzi mtupu, Nangila alijiambia. Moto wa mara moja hukausha punje zote. Lakini mzunguko wa pili mnara ulikohoa tena, na wa tatu pia, na hapo ulimi ukamponyoka, kama unavyomponyoka yeyote aliyelelewa vizuri:

"Pole, mzee."

Kikohozi kikakatika papo hapo.

Tangu siku hiyo mnara hukohoa mara moja tu, halafu hunyamaza. Minara haipokezani mpaka mtu aseme pole.