Vyumba vya Kijicho

Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi, Mama Pipeti alifungua maabara namba tatu, akavaa koti lake jeupe lenye doa la iodini mfukoni, akaanza kuhesabu viti kama alivyofanya kila Jumatatu kwa miaka ishirini na sita. Viti vilikuwa thelathini na viwili. Meza zilikuwa nne. Kando ya kabati la asidi kulikuwa na mlango ambao Ijumaa haukuwapo. Aliufungua, akakuta chumba chenye meza sita, kila meza na bomba lake, na mabomba yote yanatoa maji. Alirudi akachukua vyombo vya kioo vilivyobaki vichafu tangu wiki iliyopita, akaviosha humo, maana sinki la zamani lilikuwa linaziba.

Alipomaliza alikwenda kumwarifu mtunza ghala. Mtunza ghala hakushtuka, yeye ni mtu wa karatasi. Alitaka kujua chumba kimeletwa na nani na hati ya kupokelea iko wapi. Mama Pipeti akamwambia hakuna aliyekileta, kimeota chenyewe. Basi akaandika kwenye daftari: chumba kimoja, kipya, kimeota, hakina viti.

Ijumaa ile iliyotangulia, tuseme ukweli, ilikuwa siku mbaya. Mkuu wa Skuli ya Sayansi na Teknolojia alikuwa amepewa uprofesa. Kulikuwa na keki ukumbini, na Mama Pipeti alikula kipande chake amesimama mlangoni, kisha akabaki kuosha sahani. Aliosha sahani kumi na nne kwenye sinki lile linaloziba, na kila sahani aliyoiosha ilimpandisha kijiba cha roho. Aliona wivu. Hakuna haja ya kumung'unya maneno. Aliona wivu mpaka chini ya mbavu pakawa panamchoma kama mtu aliyekula bila kutafuna.

Huyo profesa alikuwa mwanafunzi wake. Mama Pipeti ndiye aliyemfundisha kushika pipeti, kidole cha shahada juu na si dole gumba, na yeye ndiye aliyemfichia siri siku alipovunja vipimajoto vitatu kwa mpigo. Kazi ya Mama Pipeti ilikuwa fundi wa maabara. Kwa mujibu wa barua ya ajira, fundi huandaa vifaa na kuosha vyombo, hafundishi. Lakini wahadhiri walikuwa wanakuja kwenye mazoezi dakika kumi za mwanzo, wanatia saini daftari la mahudhurio, wanaondoka. Saa mbili na dakika hamsini zilizobaki zilikuwa zake. Kwa miaka yote hiyo alikuwa na neno moja analowaambia wanafunzi wakitaka kufungua madaftari kabla ya kugusa kitu: "Mkono kwanza." Mtu adondoshe asidi tone kwa tone mwenyewe, aione rangi ikigeuka, ashangae, ndipo aelezwe kwa nini.

Mazoezi yake aliyaandika kwa mkono kwenye madaftari manne. Kijana yule, profesa wa leo, aliyaazima alipokuwa mhadhiri msaidizi, akasema anayapeleka yakachapwe vizuri. Yalichapwa vizuri kweli. Yalirudi yamekuwa kitabu kiitwacho Mkono Kwanza, jina la mwandishi ni la kijana, na skuli nzima ikakitangaza kuwa ndio mwelekeo wake mpya wa ufundishaji. Ukuu wa skuli ulifuata, na uprofesa ukafuata ukuu.

Baada ya chumba cha kwanza vingine havikukawia. Wiki ambayo profesa alihojiwa kwenye televisheni, akiwa amekaa kwenye kochi na kusema wazo la Mkono Kwanza lilimjia akiwa anaoga, ilitokea korido yenye vyumba viwili. Gazeti lilipotoa picha yake ameshika pipeti kwa dole gumba, ikaota stoo yenye rafu. Alipotunukiwa nishani, ghorofa ya pili ilichomoza juu ya maabara ikiwa na ngazi zake na kamba ya kuanikia makoti. Meza zote zilikuwa zile zile, za mbao nene, na kila moja ilikuwa na alama ya kuungua pembeni, mfano wa ile ambayo Mama Pipeti aliiunguza kwa bahati mbaya mwaka wake wa kwanza kazini. Watu waliiona. Mhandisi wa chuo aliiandika kwenye ripoti kuwa ni mtindo wa jengo.

Kamati ya Maendeleo ilikaa, ikaamua kwamba skuli inakua kwa sababu ya mwelekeo wake. Wanafunzi wakaongezwa kutoka tisini hadi mia nne. Na hapa lazima isemwe haki: zamani walikuwa wanazunguka meza moja watu wanane, yule wa nyuma anaandika rangi ambayo hakuiona bali ameambiwa na aliye mbele yake. Sasa walikaa wawili wawili. Mama Pipeti alipita katikati yao akirekebisha vidole, na raha aliyoipata ilikuwa raha kamili, mpaka pale alipokumbuka jalada la kitabu.

Aliyegundua mambo ni mumewe. Mumewe alikuwa fundi cherehani, mtu wa utani na macho makali, na siku hiyo alimletea miwani aliyoisahau nyumbani. Alisimama kando ya dirisha, akamwambia hivi hivi tu kwamba pale nje amepishana na profesa anapigwa picha, na wanambandikia jina lake juu ya lango. Mama Pipeti alikaza kifuniko cha chupa. Ukuta ulio nyuma yake ukasogea polepole, vumbi kidogo likadondoka, kikapatikana chumba.

Mumewe alivua futi iliyokuwa shingoni, akapima mlango, akapima kina, akarudi.

"Bibie, nikikwambia neno utakasirika?"

"Sema."

"Hivi vyumba ni vyako. Ukinuna tu, ukuta unatembea. Mita nne kwa tano. Kwa jina la langoni peke yake."

Mama Pipeti alivaa miwani yake, akakitazama chumba. Alisema kinahitaji feni. Usiku ule hakulala vizuri, na asubuhi alichukua karatasi akaandika barua kwa Mkuu wa Skuli. Aliomba mambo mawili. Jina lake liwekwe kwenye toleo la pili la kitabu, hata likiwa chini kwa herufi ndogo. Na kwa muda uliobaki kabla ya kustaafu, nao ni mwaka mmoja na miezi saba, aitwe mwalimu wa vitendo, ili akiondoka aondoke na jina la kazi aliyoifanya. Kisha akachukua likizo yake ya wiki mbili.

Wiki hizo alikaa dukani kwa mumewe, akishona vifungo. Hapakuwa na televisheni wala gazeti. Alishona vifungo vya sare za shule na vya suti za maharusi, akacheka na wateja, na ule mchomo wa chini ya mbavu ukatulia kabisa. Siku aliyorudi kazini aliitwa ofisini kwa profesa kabla hata hajavaa koti.

Profesa alimkaribisha kwa heshima zote. Alimvutia kiti mwenyewe, akamwuliza hali ya baba nyumbani, akamimina chai. Kisha akaweka mezani karatasi pana yenye mistari miwili, akamwachia aitazame. Mstari mmoja ulikuwa wa tarehe zake yeye: uprofesa, televisheni, gazeti, nishani, lango. Mstari wa pili ulikuwa wa vyumba. Ilipanda pamoja, ikatulia pamoja, isipokuwa kwenye wiki mbili za likizo: wa profesa ulipanda kwa tuzo ya mhadhiri bora, ambayo Mama Pipeti hakuisikia, na wa vyumba ulikuwa bapa.

Alimwacha aone kwanza, ndipo aeleze. Mama Pipeti aliitambua njia hiyo. Ilimkata maini, na nje ya dirisha kikasikika kitu kikisogea.

"Barua yako nimeisoma, mama. Haki ni yako, sibishi," alisema profesa. "Nikuulize tu kitu kimoja. Tukiweka jina lako kwenye kitabu, utaendelea kuona wivu?"

Mama Pipeti alifikiri. Hakuwa mtu wa kudanganya kuhusu matokeo.

"Hapana. Nitatulia."

"Hapo ndipo tulipokwama. Kwa muhula ujao tumepokea mia moja na ishirini wengine. Nikikupa haki yako, watakaa wapi?"

Alisema kamati ilijadili kwa saa tatu, na wajumbe wote wamemsifu. Mmoja alipendekeza apewe cheti cha shukrani, lakini wengine wakahofia kwamba hata cheti kinaweza kumfurahisha. Profesa alieleza haya kwa sauti ya chini, kama daktari. Macho yake yalikuwa yale yale ya siku ya vipimajoto, na kwa kitambo kidogo Mama Pipeti alidhani atasema samahani. Alisema chai inapoa.

Mama Pipeti angeweza kuamua asione wivu. Alijaribu. Kwa siku tatu alijiambia kwamba ni kitabu tu, karatasi na gundi. Lakini kila alipofika langoni jina lilikuwa palepale juu, kwa herufi za shaba, na yeye anapita chini yake akiwa amebeba ndoo. Angeweza pia kuacha kazi, na alishamdokezea mumewe. Siku ya nne alikuta wanafunzi wawili wamekaa sakafuni, mmoja ameshikilia bureti juu ya magoti kwa kukosa meza, anadondosha tone kwa tone na ulimi umetoka pembeni. Alichutama akamrekebisha kidole. Hakuzungumzia tena kuacha kazi, hata kwa mumewe.

Skuli nayo ikajipanga. Kwenye mpango wa mwaka waliingiza sherehe ya kumtunuku mkuu kila baada ya miezi mitatu, na Mama Pipeti akatengewa kiti cha mbele kabisa, katikati, ili aone vizuri. Katibu alihakikisha hakai nyuma ya mtu mrefu. Toleo la pili lilipotoka, nakala ya kwanza alipelekewa yeye, imefungwa kwa utepe. Kwenye ukurasa wa tano palikuwa na shukrani kwa wafanyakazi wote waliosaidia kwa namna moja au nyingine, wakiwemo waosha vyombo. Siku ile zilipatikana maabara mbili kubwa na choo. Wanafunzi, ambao walishazoea, walibeba viti wakaingia kabla rangi ya ukuta haijakauka.

Mumewe alikasirika kwa niaba yake. Aliinamia cherehani yake akasema watu hao hawana haya hata ya kuazima. Kisha, kwa kuwa ni fundi na hawezi kujizuia, akauliza safari hii zimetoka mita ngapi. Mama Pipeti akamwambia tisa kwa kumi na mbili. Mumewe akatikisa kichwa, akasema hiyo imemwuma kweli.

Muhula ulipofunguliwa Mama Pipeti alisimama kwenye maabara mpya mbele ya mwaka wa kwanza. Walikuwa wawili wawili, kila mmoja na pipeti yake. Mara akaona madaftari yanafunguliwa. Akawaambia wafunge. Mkono kwanza. Walicheka kidogo kwa kuwa walilitambua jina la kitabu, na msichana mmoja wa meza ya tatu akamsifu kwamba amemsoma profesa vizuri. Baada ya saa mbili rangi zilikuwa zimegeuka karibu kila meza, na yule msichana alilirudia zoezi lake mara tatu bila kuambiwa.

Walipokuwa wanajaza ukurasa wa mbele wa ripoti, msichana aliinua mkono.

"Mama, hapa wanauliza jina la mwalimu aliyetufundisha zoezi. Niandike nani?"

Mama Pipeti alikuwa anafuta meza. Aliendelea kuifuta mpaka pembeni, kwenye ile alama ya kuungua.

"Andika profesa," alisema.

Nyuma yake ukutani likaota kabati dogo, la milango miwili. Alilifungua, akaona lina rafu tatu, akaanza kupanga chupa.