Wazee Waliochanua Larkfield

Wiki moja kabla ya Krismasi, Rowena Tupper alipiga magoti juu ya gunia kuukuu katika bustani ya Larkfield, akaanza kukata majani ya zamani ya miche ya maua ya helebori. Kazi hiyo haina ujanja. Unafuata kikonyo mpaka chini, unakata, unatupa jani kwenye ndoo, na kabla ya kugusa mche mwingine unachovya mkasi kwenye maji ya dawa. Majani ya mwaka jana hubeba madoa meusi, na ukiyaacha yataambukiza maua. Jani lenye madoa haliendi kwenye lundo la mboji, linachomwa. Watu wa kijiji cha Nether Colby husahau siku za kuzaliwa za wake zao, lakini hilo hawalisahau.

Helebori huchanua Januari, wakati bustani nyingine zote za Uingereza ni tope tupu, na huchanua ikiwa imeinamisha uso. Ukitaka kuuona unapiga magoti, unaweka vidole viwili chini ya kidevu cha ua, unainua.

Mpaka Machi ya mwaka ule, Larkfield ilikuwa nyumba ya wazee ya kijiji. Kisha kamati ya kijiji, chini ya Bi Philippa Garside, ikaamua kwamba jengo limechakaa, ngazi ni za hatari, na wazee watafurahi zaidi katika nyumba kubwa ya mjini yenye lifti. Wazee wenyewe hawakuulizwa, kwa sababu kuwauliza kungewachanganya. Walipakiwa kwenye basi dogo baada ya kifungua kinywa. Huko mjini wakagawanywa kwenye ghorofa mbalimbali, kila mmoja na televisheni yake. Baada ya hapo jengo la Larkfield likapakwa rangi, ngazi zikajengwa upya, na chumba cha kulia kikawa mkahawa wa wageni wa bustani. Bustani haikuguswa. Bi Garside alikuwa mwenyekiti wa Chama cha Bustani pia, na chama kina kanuni.

Mmoja wa wazee waliopakiwa alikuwa Enid Tupper, mama yake Rowena. Rowena alipika katika shule ya msingi na aliishi juu ya duka la mikate, penye ngazi nyembamba ambazo kiti cha magurudumu cha mama hakiwezi kuzipanda. Aliyasema hayo mbele ya kamati. Kamati ilimshukuru kwa mchango wake.

Katikati ya Januari ua la kwanza lilifunguka, la zambarau iliyokolea. Rowena aliliinua kidevu akamkuta Bwana Ormerod, mmoja wa wazee waliopakiwa.

"Leo Ijumaa, siku ya samaki?" aliuliza Bwana Ormerod.

"Jumatano."

"Kwa hiyo hakuna samaki."

"Hakuna."

"Nilijua tu," alisema, akainama tena.

Rowena alimwongezea mboji ya majani shinani, akasogea kwenye mche uliofuata. Hapo walikuwa dada wawili wa Crabtree, kwenye kikonyo kimoja, wakigombana kuhusu nani aliiba karata. Baada ya siku chache kitalu kizima kilikuwa kimefunguka, na kila mzee alikuwa na malalamiko yake. Mama alichanua mwisho kabisa, kwenye kona karibu na ukuta, mweupe mwenye vitone vyekundu puani.

"Umechelewa, mama," alisema Rowena.

"Jaribu wewe kusukuma kichwa kwenye udongo mzito namna hii. Hakuna anayeweka changarawe siku hizi? Na hizo gambuti si za baba yako?"

"Za baba."

"Zinakukaa vibaya."

Jumapili Rowena alipanda basi kwenda nyumba ya mjini. Mama alikuwa ameketi mbele ya televisheni akiwa ameacha kabisa kusema. Muuguzi alieleza kwamba ilianza wiki ile, na si yeye peke yake: wazee wote waliotoka Larkfield walikuwa wamenyamaza. Walikula wakilishwa, walilala wakilazwa. Mkaguzi alipita, akaisifu nyumba kwa utulivu wake.

"Ametulia sana sasa," alisema muuguzi. "Zamani alikuwa anauliza uliza."

Jumatatu Rowena alirudi kitaluni akamweleza mama.

"Huko hamna mtu wa kuongea naye," alisema mama. "Nimeuacha mwili wangu uangalie mashindano ya kupika. Sasa sikiliza. Nichimbue unipeleke kwako. Nitakaa kwenye chungu pale nje ya mlango wako wa nyuma, juu. Sitaki kiti, sitaki choo, sitaki lifti. Ukipika utaacha mlango wazi, nami nitakwambia chumvi imezidi."

"Huwezi hata kuonja."

"Sijawahi kuhitaji kuonja chakula chako ili nijue."

Rowena alinunua chungu kirefu, kwa maana mizizi ya helebori huenda chini sana. Lakini miche ya Larkfield ilikuwa mali ya chama, na hakuna aliyewahi kuchukua hata mbegu bila ruhusa ya mkutano.

Mkutano wa Februari ulikuwa na mengi. Bwana Sedley, katibu, alitoa taarifa kwamba helebori za Larkfield zimeanza kuongea.

"Imeenea vitalu vingine?" aliuliza Bi Garside.

"Bado. Ni hizo zilizo karibu na jengo."

"Basi ni nyuki," alisema Bi Garside. "Nyuki hawana adabu. Ukipanda aina mbili jirani, wanachanganya, na huwezi kujua mche utatokea na sura ya nani."

Mwanachama mmoja alidhani ni chokaa kwenye udongo. Mwingine aliwahi kuona tatizo kama hilo kwa jirani, likawa ni vidukari. Walikubaliana kunyunyizia maji ya sabuni. Kesho yake miche ilinyunyiziwa, na dada wa Crabtree walipiga chafya na kuomba taulo. Wiki hiyohiyo panya wa shamba alikula nusu ya sikio la Bwana Ormerod, ambaye alisema si sikio alilokuwa akilitumia. Kamati iliweka mitego.

Ombi la Rowena lilisogezwa mpaka Siku ya Helebori, ambapo wanachama wote wangekuwepo.

Siku hiyo wageni huja kutoka mbali na mabuti yao mazuri. Kwa kuwa si kila mgeni ana magoti ya kupiga, Nether Colby ina desturi yake: maua bora hukatwa shingoni na kuwekwa yaelee kwenye mabakuli ya maji, nyuso juu, ili watu wayatazame huku wamesimama na chai mkononi. Mama hakukatwa. Bi Garside alisema vitone vimepitwa na wakati. Bwana Ormerod alikatwa asubuhi, akawekwa kwenye bakuli la kioo katikati ya mkahawa.

"Huyu mzuri kweli," alisema mgeni mmoja wa kike mwenye kofia. "Aina gani?"

"Ormerod," alisema Bwana Ormerod. Alikuwa akiangalia dari. "Hiki si chumba chetu cha kulia?"

"Kilikuwa," alisema Bi Garside, ambaye alikuwa akipitisha sahani ya vikeki vya skoni.

"Na zile ngazi?"

"Zimejengwa upya, Bwana Ormerod. Ni salama kabisa sasa."

"Kwa hiyo naweza kurudi."

"Oh, mpenzi wangu," alisema Bi Garside, "meza zote zina watu."

Mgeni mwenye kofia aliomba jamu zaidi. Bwana Ormerod alielea kuelekea ukingoni, akamwambia kila aliyeinama kumtazama kwamba alihamishwa bila kuulizwa. Wageni walikubaliana kwamba rangi yake ni adimu. Siku ya tatu alinyauka, lakini shina lake likatoa ua jingine, lenye sikio zima na hasira ileile.

Jioni ya Siku ya Helebori, wageni walipoondoka, wanachama walikusanyika mkahawani kula makombo ya keki. Rowena aliingia na chungu chake mikononi.

"Nataka kumchukua mama," alisema. "Ule mche wa kona ya ukutani. Nina chungu, nina udongo, nina ukoka wa kufunika. Naomba ruhusa."

Bi Garside aliweka kikombe chini. Alikuwa ameshtuka kweli.

"Kuuchimbua? Rowena, huwezi."

"Kwa nini?"

"Kwa umri ule? Mizizi yake imeshika hapa. Mche mchanga unaweza kuuhamisha, utanung'unika msimu mmoja utazoea. Mzee hapana. Unamtoa alipozoea, unamtia mahali asipopajua, na kisha unashangaa kwa nini ameinamisha kichwa na hataki tena kuinuka? Huo ni ukatili."

Chumba kizima kiliitikia kwa vichwa. Bwana Sedley alisema dada yake alihamisha helebori kongwe, vizuri kabisa, na donge lake la udongo, na tangu siku hiyo haikutoa hata jani.

"Mwezi gani?" aliuliza Rowena.

"Machi."

"Oh, Machi ni mbaya zaidi," alisema Bi Garside.

"Nyinyi mlimhamisha Machi."

"Nani?"

"Mama."

Bi Garside alikunja uso. Alitafakari kwa dhati, kama mtu anayetafuta miwani yake. Kisha uso ukamkunjuka.

"Ah, mama yako!" alisema. "Lakini yule ana lifti."

Walipiga kura kwa mikono. Hakuna aliyempinga Rowena kwa ubaya, walimpinga kwa huruma, na mjumbe mmoja alifuta machozi. Iliamuliwa pia kwamba kitalu kizungushiwe kamba ili mtu asijaribiwe kuchimba.

Rowena alitoka na chungu, akavuka kamba kabla haijafungwa, akapiga magoti kwenye kona.

"Wamesemaje?" aliuliza mama.

"Wamesema kukuhamisha ni ukatili."

"Wote?"

"Wote."

"Garside naye?"

"Yeye ndiye aliyesema."

"Sauti ilimtetemeka?"

"Ilimtetemeka."

"Namjua," alisema mama. "Aliwahi kulia sungura alipokanyagwa na trekta." Upepo ulipita, naye akaziba shingo kwa jani. "Basi nieleze umepika nini leo, na usinidanganye."

Rowena alikipindua chungu, akakikalia, akaanza na supu. Alikuwa amefika kwenye viazi wakati Bi Garside alipokuja na funguo, akasimama nyuma ya kamba na kumwambia kwa upole kwamba muda wa kutazama helebori umekwisha, wazee wanahitaji kupumzika.