Mshenga Aliyeamini Ndiyo

Elisifa wangu siku hizi hakai kwenye kiti mpaka akibonyeze kwanza kwa viganja viwili. Kikombe cha chai hakinyanyui kabla hajaingiza kidole kuona kama chai imo kweli. Ukimwambia ng'ombe ameshakula, anakwenda bandani kumshika tumbo. Mwanangu ana shahada ya kompyuta, na anatembea ndani ya nyumba aliyozaliwa huku anagonga kuta kama mtu aliyeletwa humo amefungwa macho.

Nawaandikia nyie wazazi wenye watoto wanaofanya kazi hizi. Mimi nimeishia darasa la saba, hapa hapa Marangu, kwa hiyo nitaeleza kama nilivyoelezwa. Aliyenieleza ni yeye mwenyewe, tena mara nyingi kuliko nilivyotaka kusikia.

Alikuwa anafanya kazi Moshi mjini, kwenye ofisi ya vijana wanaotengeneza mashine za vituo vya afya. Mashine yao inawalinda watoto waliozaliwa kabla ya siku zao. Mtoto anafungwa kitu kidogo mguuni, na kompyuta inasikiliza mapigo na pumzi yake. Akizidiwa, simu ya muuguzi inalia. Nilijivuna sana. Kanisani watu wakiniuliza binti anafanya nini, nilikuwa nasema anaokoa watoto, na sikuona kama naongopa.

Jumapili moja alikuja na mwenzake wa kazi, Isack, kijana aliyekulia Dar. Nikapika mtori, supu yetu ya ndizi na nyama. Isack akala bakuli la kwanza kimya, la pili likamfungua mdomo.

"Mama, huyu binti yako ni mbishi," akasema. "Mpaka mshenga wake naye mbishi."

"Mshenga gani tena?" Nikaweka mwiko chini. Nani mwenye binti wa umri ule asingeshtuka?

"Si wa posa, mama, tulia," Elisifa akasema, akicheka mpaka anafuta macho. "Ni wa kwenye kompyuta."

Ndipo akanieleza. Programu ikifanya kazi inahitaji mahali pa kuwekea vitu vyake kwa muda, kama wewe unavyohitaji meza ya kumenyea ndizi. Mahali hapo ndiyo kumbukumbu ya kompyuta. Ndani ya programu kuna mgawaji, ambaye kazi yake ni kusema wewe chukua hapa, wewe chukua pale, na kukusanya wakimaliza. Ila huyo mgawaji hana chake. Mwenye mali ni mfumo endeshi, ule unaotawala kompyuta nzima, na mgawaji lazima aende kwake kuomba. Sasa kila aina ya mfumo ina adabu zake za kuombwa. Huu unauomba hivi, ule ukiuomba hivyo hivyo unakufukuza. Na mashine za vituo vya afya zilikuwa za kila namna, nyingine za msaada, nyingine mitumba.

"Basi mimi nimemwandikia mgawaji mshenga," akasema. "Anakaa katikati. Mgawaji anasema ombi moja tu, maisha yake yote. Mshenga ndiye anayejua kwa huyu unapiga hodi mara ngapi, kwa yule unaingilia mlango upi. Na ndiye anayerudisha. Programu ile ile inahamia mashine yoyote bila kubadilishwa."

"Sasa kosa lake nini?" nikamuuliza Isack.

"Anaamini kupita kiasi. Mama, kuna mifumo ukiiomba inakwambia ndiyo hata kama haina. Inatumaini hutatumia yote. Siku ukinyoosha mkono ndipo inaanza kuhangaika itakupa nini. Ikikosa, haikuombi radhi. Inaangalia nani anakula sana, inamuua hapo hapo, ili wengine wapone. Mimi namwambia Eli, mshenga akipewa kipande akiguse palepale. Kama hakipo, programu igome kuwaka asubuhi na muuguzi ajue. Sio ije kufa katikati ya kazi."

"Akigusa kila kipande mashine inachelewa kuwaka," Elisifa akajibu. "Zile za zamani muuguzi atasubiri mpaka azipige teke. Halafu, mtu ameshakwambia ndiyo, wewe unaingia chumbani kwake kuchungulia?"

Isack akanigeukia mimi. Nyuma ya jiko letu unapita mfongo, ule mfereji wa maji ya kumwagilia, na alikuwa ameshaniuliza tunagawanaje. "Mama, wewe mzee wa mfongo akikwambia Alhamisi ni zamu yako, Jumatano hupiti kuangalia kama maji yapo?"

"Nipite kuchungulia maji ambayo si zamu yangu? Wataniita mwizi!"

"Umeona?" Elisifa akapiga meza. "Ukiambiwa umepewa, umepewa. Huku kwetu ndivyo tulivyo."

"Haya, nimefungwa tatu bila," Isack akasema. "Mama, mtori umebaki?"

Tukacheka wote watatu. Kicheko kile bado nakisikia.

Mashine zikapelekwa. Moja ilikwenda kituo cha afya upande wa Rombo, sitakitaja. Wiki nyingi ilifanya kazi vizuri, kwa sababu kule mara nyingi mtoto ni mmoja au wawili. Halafu ikaja siku vitanda vyote vikajaa. Programu ikanyoosha mkono kuchukua yote iliyokuwa imeahidiwa, na mfumo haukuwa nayo. Ukaangalia nani anakula sana. Anayekula sana alikuwa yule anayesikiliza pumzi za watoto.

Ilikuwa mchana kweupe. Muuguzi alikuwa peke yake, chumba cha pili, anamzalisha mama mwingine, na simu iko mfukoni mwake. Simu haikulia. Kila alivyoona hailii alipata moyo, akijua watoto wote salama. Aliporudi, mrija wa hewa wa mtoto mmoja ulikuwa umechomoka. Mtoto alikuwa amepoa. Aliitwa Wilson, jina la babu yake, kifungua mimba wa binti mmoja wa kule Mkuu, Rombo, anayeitwa Gladys.

Ofisi iliambiwa mashine ilizimika, na wao wakasema ni umeme. Hakuna aliyemshika mwanangu shati. Ni yeye mwenyewe aliyeomba mashine irudishwe Moshi, akaifungua na kuangalia mfumo ulifanya nini saa ile. Mimi nilikuwa nachuma kahawa simu ilipoita.

"Mama, hakugusa," akasema.

"Nani?"

"Mshenga wangu. Aliambiwa ndiyo, akaondoka. Hakugusa."

Isack alimrekebisha huyo mshenga siku ya pili, akamaliza kabla ya chakula cha mchana. Nafikiri hilo ndilo lililomvunja mwanangu kabisa, kwamba kilichopungua kilikuwa kazi ya nusu siku. Akafungasha, akarudi nyumbani, na kuanzia hapo akaanza kugusa. Alianza na kitasa cha mlango, ikafuata vyombo, ikafuata migomba, mmoja mmoja, kutoka nyumbani mpaka barabarani, na akikosea mmoja anarudi kuanza. Chakula anakigusa mpaka kinapoa, halafu hali. Amekwisha. Nikimwogesha mgongo nahesabu mbavu.

Isack alinipigia. "Mwambie Eli sio kosa lake, mama. Tulicheka wote." Nilimfikishia. Akaniuliza, "Isack ndiye mama yake Wilson?"

Neno hilo likanikaa. Kumbe anayeweza kumfungua mwanangu ni mmoja tu. Nikaenda mpakani mwa shamba letu, nikachuma isale. Asiye wa huku ajue kwamba isale ni mmea tunaopanda kwenye mipaka ya vihamba, yale mashamba yanayozunguka nyumba, na jani lake ukilifunga fundo na kumpelekea uliyemkosea, hawezi kukataa. Watu waliouana ndugu wamepatanishwa kwa jani hilo.

Mume wangu, Filemon, anapandisha wageni mlimani, na siku hiyo alikuwa nyumbani. Akaniona nalifunga.

"Isale kwa kosa la kompyuta?"

"Kosa ni la mtu, baba Elisifa. Kompyuta haina mama wa kwenda kuiombea."

"Basi alibebe mwenyewe."

"Mwenyewe atafika lini, kwa migomba iliyopo njiani?"

Akalitazama lile fundo. Halafu akaniuliza, "Huyo Gladys ameambiwa mwanawe alikufa kwa nini? Umeulizia?"

"Atakuwa anajua."

"Ulizia kwanza, mama Elisifa."

Sikuulizia. Nilikuwa na isale mkononi, na isale halijawahi kukataliwa. Nikapanda gari la Rombo, nikashuka Mkuu, nikaelekezwa mpaka mlangoni.

Nilimkuta anapukuchua maharage uani. Binti mdogo, mdogo kuliko wangu. Akanyanyuka, akajifuta mikono kwenye kanga. "Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole na msiba."

"Tumeshapoa. Padri alituambia Mungu alimtaka mwenyewe."

Nilipaswa kugeuka hapo hapo. Mguu wangu wa kushoto ulitaka. Lakini alishaona jani.

"Hilo la nini, mama?"

Nikamweleza yote. Nilimweleza vibaya, nikarudia, nikataja mgawaji na mshenga, nikaona haelewi. Mwisho nikasema, "Mashine ilikufa kabla yake, ndiyo maana haikulia. Aliyeandika kile kipande ni binti yangu, na sasa hivi anakufa kwa ajili hiyo."

Alikaa chini taratibu, kama mtu anayeteremsha ndoo iliyojaa. Aliponitazama, macho yalikuwa makavu.

"Mimi nilikuwa nimeanza kulala, mama," akasema. "Nilikuwa nimeambiwa ni Mungu, na Mungu nimeshamzoea. Leo umekuja umenipa mtu wa kumchukia. Halafu hata sijamchukia dakika moja, umenipa na jani la kunikataza."

"Mwanangu..."

"Lilete." Akanyoosha mkono, akalichukua. "Isale halikataliwi. Bibi yangu angetoka kaburini anichape. Mwambie binti yako nimepokea."

Akalichomeka kwenye paa la jiko, akarudi kwenye maharage yake, akanipa mgongo. Ndani ya jiko chungu kilikuwa kinachemka, na harufu ya nyama imejaa uani. Mnajua huku kwetu isale likipokelewa watu wanakula pamoja, hata kama ni tonge moja, ndipo yanakuwa yamekwisha. Nilisimama pale kidogo. Hakunikaribisha hata maji. Nikaaga, akaitikia, nikaondoka.

Njia nzima nilikuwa natunga nitakachosema. Elisifa alikuwa ananingoja barazani, amesimama, mkono mmoja kwenye nguzo. Sikumbuki lini mara ya mwisho alikuwa amenisubiri.

"Amelipokea?"

"Amelipokea."

"Alisema amepokea? Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake. Amesema nikwambie."

Nikaona mabega yake yanashuka. Nawaambia kweli, niliona damu inarudi usoni mwake, na kwa mara ya kwanza tangu arudi aliiachia ile nguzo. Nikamshukuru Mungu kimoyomoyo. Halafu akauliza, "Mlikula?"

Ningesema nini? Ninyi mngesema nini?

"Tulikula, mwanangu. Amenipa nyama na ndizi."

Akanisogelea. Akanishika mikono yote miwili, akaigeuza viganja juu, akaiinua mpaka puani kwake, akanusa. Akanusa kidole kimoja kimoja. Haikuwa na harufu ya nyama. Ilikuwa na harufu ya vyuma vya gari na jasho langu.

Akaishusha mikono yangu polepole, akaniachia ubavuni kama mtu anayerudisha chombo cha jirani, akaingia ndani.

Wazazi wenzangu, mwanao akikwambia kazi inakwenda vizuri, usimwitikie tu kwa mbali kama mimi. Muulize kazi yake inashikilia nini, na ikiachia inamwangukia nani. Akija nyumbani na mwenzake anayembishia, usicheke, msikilize yule mwenzake. Na ukiona yameshaharibika, usikimbilie kumpa neno la kumtuliza ambalo huna. Mimi nilimpa, akaligusa, na sasa kila ninachomwambia anakigusa, hata nikimwambia nakupenda.

Baba yake ameahirisha safari ya mlimani. Chakula cha leo nimekiacha mlangoni pa chumba chake tangu saa sita. Namsikia anagonga ukuta, mahali pale pale, na mimi huku nagonga upande wangu ili ajue ukuta upo.