Sauti Kwenye Baraza la Mafundi

Avelina alikubali kupigwa filamu kwa sababu yule binti alimwamkia kabla ya kutoa kamera. Wengine waliowahi kufika pale na simu zao walipiga picha kwanza, halafu ndipo wakakumbuka kwamba kuna mtu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unashonesha nini?"

"Sishoneshi, mama. Naitwa Gift. Natengeneza filamu fupi fupi za mji wetu. Nimeshapiga stendi na saluni ya kiume, sasa nataka baraza lenu la mafundi."

"Hapa kuna nini cha kuangalia?" Avelina akauliza, na mafundi wenzake wakacheka.

Gift alitokea Mbeya. Mama yake ni muuguzi aliyehamishiwa Sumbawanga, naye akamfuata. Kifipa, lugha ya wenyeji, hakukijua hata salamu. Alisema anataka watu wapaone mahali wanapopita kila siku bila kupatazama. Akambandika Avelina kinasa sauti kidogo kwenye kola ya sweta, akasimamisha kamera ng'ambo ya mtaro, akamwambia afanye kazi zake kama kawaida. Kwa siku mbili Avelina alishona sketi za shule, akapima watu viuno, akakata vitambaa. Hata siku ya kwanza haijafika mchana alikuwa ameshasahau kwamba kuna kitu kwenye kola yake.

Filamu zilionyeshwa Jumapili baada ya misa, kwenye ukumbi mmoja wa mtaa wa Kizwite. Madirisha yalizibwa kwa mablanketi ili giza liingie. Timoth, mume wa Avelina, hakuja; alikuwa na ulezi wa kuvuna kijijini kwao Pito. Avelina akakaa safu ya mbele na Josefina, muuza vitumbua ambaye meza yake imepakana na cherehani ya Avelina kwa miaka mingi.

Ilianza filamu ya stendi. Watu wakapiga kelele kila walipomtambua mtu. "Yule si Ebenezer! Tazama anavyokula ndizi ya abiria!" Ya saluni nayo ikachekesha. Kisha ukutani yakatokea maandishi, Baraza la Mafundi, na Avelina akaiona mikono yake mwenyewe, mikubwa kama milango. Alijisikia vizuri. Mikono ile ilikuwa inapinda pindo la sketi bila haraka, na mguu ukikanyaga cherehani kwa mwendo mmoja.

Halafu mwanamke akaanza kuongea.

Aliongea Kifipa, kwa sauti ya chini, sauti ya mtu aliye nyumbani kwake. Chini ya picha yakapita maneno ya Kiswahili: *Salome, toa mguu hapo, gurudumu litakubana.*

Avelina akageuka kumtafuta aliyesema. Alidhani ni mtu wa safu ya nyuma. Alipotazama tena ukutani akaona midomo yake mwenyewe inacheza.

*Hivyo viatu vya shule vimekubana, nimeona unavyochechemea. Vumilia hadi mwisho wa mwezi.*

Cherehani ikaendelea. Mwanamke wa ukutani akakata uzi kwa meno, akacheka peke yake.

*Haya, niambie. Mwalimu wa hesabu kasemaje?*

Salome alikuwa mtoto wake wa pekee. Homa ilimkamata Ijumaa, Jumapili wakamzika, kabla hajaanza hata darasa la kwanza. Alipokuwa hai alizoea kukaa chini ya meza ya cherehani, katikati ya vipande vya vitambaa, akivipanga kwa rangi. Baada ya msiba Avelina alirudi kazini na kushona kimya. Hivyo ndivyo alivyojua siku zote. Alishona kimya. Lau mtu angemwapisha mbele ya altare, angeapa kwamba anapokaa kwenye cherehani hasemi neno.

Akatazama watu ukumbini. Wale wa mitaa mingine walikuwa wanatabasamu, kama watu wanaomwona mama akizungumza na mtoto aliye nje kidogo ya picha. Lakini safu ya mafundi, na muuza mkaa, na mama wa mgahawa, na Josefina pembeni yake, wote walikuwa wameinamisha vichwa. Hakuna hata mmoja wao aliyeshangaa. Hapo ndipo aliposhika ukingo wa benchi.

Filamu ikaisha. Makofi yakalia. Gift akapanda mbele, macho yanang'aa.

"Tumkaribishe mama Avelina! Na kama Salome yupo, aje asimame na mama yake. Salome yuko wapi jamani?"

Blanketi moja likateleza dirishani na mwanga ukaingia, hakuna aliyelirudisha.

"Salome hayupo," Avelina akasema. Alikuwa amesimama bila kujua amesimama saa ngapi.

"Yuko shule?"

"Alishafariki, mwanangu. Zamani."

Kipaza sauti kikaanza kupiga mluzi mkononi mwa Gift. Maneno ya Kifipa yalikuwa yametafsiriwa na Loth, mwalimu wa kijiji cha Kaoze asiyemfahamu Avelina, na wote wawili walidhani kwamba mtoto alikuwepo, ila kamera haikumfikia.

Nje, Avelina alimshika Josefina mkono. Hakumshika kwa upole.

"Mlikuwa mnajua?"

"Tulikuwa tunajua."

"Tangu lini?"

"Tangu uliporudi kazini baada ya msiba."

"Na wewe, kila siku unanisikia?"

"Kila siku, dada. Ukimgombeza nasikia. Ukimwimbia nasikia. Mteja mgeni akituuliza, tunamwambia anaongea na mwanawe, subiri amalize."

"Kwa nini hukuniambia, Josefina?"

"Ningekuambia nini?" Josefina alikuwa analia sasa. "Nikuambie unyamaze?"

Avelina akamwachia. Akatembea hadi barabarani, akapanda bodaboda bila kuuliza bei, akarudi Pito.

Wiki nzima hakwenda mjini. Timoth alimwuliza kama anaumwa, akasema kichwa. Alifanya kazi za nyumbani akiwa amebana midomo. Alipokuwa anachota maji alijigusa kinywa kuhakikisha kwamba kimefunga. Kilichomtisha si kuongea na marehemu. Kilichomtisha ni kwamba yote aliyasema yeye, na hakuwa na habari.

Ijumaa Gift akafika Pito na kompyuta yake mgongoni. Alipiga magoti uani kuomba msamaha, hadi Timoth akaacha kupura ulezi na kuuliza kuna nini. Avelina akamweleza mumewe palepale, kwa kifupi, akitazama chini. Timoth akaweka chini fimbo yake ya kupuria.

"Filamu ni dakika tano," Avelina akamwambia Gift. "Wewe ulinipiga siku mbili. Hayo mengine yako wapi?"

"Ninayo yote, mama. Nitayafuta sasa hivi, uone mwenyewe."

"Usifute. Fungua."

Wakakaa watatu kwenye mkeka, kompyuta juu ya gunia. Gift hakuelewa lolote, alikuwa anabonyeza tu. Sauti ya Avelina ikajaza ua. Aliongea kuhusu bei ya uzi. Akamwambia Salome asijibizane na wasichana wa bwenini. Akamwuliza kama kidato cha kwanza ni kigumu kama wanavyosema. Avelina akasikia na kushtuka upya: mtoto alikuwa amekua. Aliyezikwa akiwa mdogo vile alikuwa na bweni, na matiti, na rafiki aitwaye Jovina ambaye mama yake hakumpenda.

*Baba yako leo katoka bila uji,* sauti ikasema. *Kanuna kwa sababu ya mbolea. Ukimwona usimcheke.*

Timoth akacheka. Ilimtoka tu. Kisha uso wake ukabadilika, akasimama.

"Umemfikisha sekondari," akasema.

"Timoth..."

"Umemlea mtoto hadi sekondari, mimi sijui! Mimi niko hapa na jembe, silitaji jina lake nisije nikakuumiza, kumbe wewe unashinda naye!"

Avelina alitegemea huruma, au hofu, au aambiwe aende akaombewe. Wivu hakuutegemea. Timoth akarudi kwenye ulezi wake na kuupura kwa nguvu kuliko inavyohitajika.

Gift akafunga kompyuta taratibu. Alipokuwa anaaga akauliza afanye nini na filamu, maana ilikuwa imeombwa Mbeya kwa maonyesho.

"Ipeleke," Avelina akasema. "Ila toa yale maandishi ya Kiswahili."

"Mama, bila maandishi hawataelewa unachosema."

"Ndiyo. Wasikie cherehani, na mama anaongea. Inatosha."

Gift akakubali. Ilimuuma, ilionekana, lakini alikubali.

Jumatatu Avelina akarudi barazani. Mafundi wakamsalimia kama walivyomsalimia siku zote, kisha kila mmoja akajidai ana kazi nyingi. Akakanyaga cherehani. Alijisikiliza mno hata pindo likapinda vibaya, akafumua, akashona, likapinda tena. Baraza zima lilikuwa kimya, vitumbua vya Josefina vikiungua kwa sababu alisahau kuvigeuza.

Mchana Timoth akatokea na baiskeli yake. Hakuwa na kawaida ya kuja mjini siku za kazi. Akaamkiwa na vijana, akaitikia, akakaa kwenye benchi la wateja, kofia magotini.

"Huwa anakaa wapi?" akauliza kwa Kifipa.

Avelina akaonyesha kwa mguu chini ya meza. Timoth akapatazama muda mrefu.

"Mimi sauti yake imenipotea," akasema. "Nilitaka kukuuliza. Akikujibu, sauti yake ikoje?"

Avelina akasimamisha gurudumu kwa kiganja. Alifikiria kumdanganya.

"Hajibu, Timoth. Nimesikiliza kwenye ile kompyuta. Naongea mimi tu."

Timoth akaitikia kwa kichwa, mara kadhaa. Kisha akavuta benchi karibu, hadi goti lake likagusa mguu wa meza, akaanza kueleza, macho chini ya meza, bila kutaja anamweleza nani, kwamba ulezi wa mwaka huu umekubali, na kwamba magunia hayatatosha. Josefina akageuza vitumbua. Avelina akachukua sketi nyingine.