Nywele za Msiba

Dafroza alikuwa anashona pindo la sare ya shule, nyumbani Manyamanyama, mwanamume mmoja alipoingia bila hodi na kuanza kugonga ukuta kwa kidole, kusikiliza kama ni tofali au udongo.

"Endelea na kazi, mama," alisema. "Mzee kaniambia nije niione. Jumamosi tunaandikishana."

"Mzee gani?"

"Mzee Wambura wa Mugeta. Si ndiye mwenye nyumba?"

Cherehani ikasimama. Mzee Wambura alikuwa baba yake, na alikuwa kaburini mwaka wa tatu sasa.

Alifariki mwaka wa themanini na tatu, maduka yalipokuwa rafu tupu. Kwenye ukoo wao hawagawani mali ya marehemu mpaka watoto wote wanyolewe nywele za msiba, kila mmoja kwa wembe mpya, na mwaka ule wembe mpya ulikuwa hauonekani hata kwa magendo. Kaka mkubwa, Boniphace, ambaye mahakama ilimfanya msimamizi wa mirathi, akasema wangoje. Wakangoja. Ruksa ya biashara ikaja, nyembe zikajaa mpaka kwenye vibanda vya karanga, Boniphace bado anangoja. Huku nyuma ng'ombe wa baba wanapungua.

Dafroza alifunga mlango akaenda mahakama ya mwanzo. Karani alikuwa anakula muhogo.

"Msimamizi anauza nyumba ninayokaa. Na mimi ni mtoto wa marehemu, nina haki yangu."

"Haki unayo, nani kakunyima? Mmeshanyoa?"

"Bado."

"Sasa mama, tutagawaje mali ya msiba ambao haujaisha? Si ndiyo mila yenu?"

"Na yeye anauzaje?"

Karani akatafuna, akameza. "Yeye ni msimamizi."

Dafroza aliondoka bila kuaga. Alivuka barabara, akanunua pakiti ya nyembe, akadandia lori la Mugeta.

Jua lilikuwa bado kali alipoingia uani, akamwona baba yake amekaa kwenye kiti chake.

Lilikuwa koti la baba, na ndevu zake zilizoanza kuwa nyeupe kidevuni, na mbwa wake kalala miguuni. Kisha kile kikohozi cha baba: mara mbili, halafu kimya; mbwa akainua kichwa. Mchunga ng'ombe aliyekuwa anapita akaita, "Shikamoo, Mzee Wambura!" Aliyeitika marahaba kutoka kwenye kile kiti ni Boniphace, wala hakucheka.

"Karibu, Mama," alimwambia Dafroza.

Kati ya ndugu, baba peke yake ndiye aliyekuwa akimwita Mama, kwa kuwa alipewa jina la bibi, mama mzaa baba.

"Kaka, nimeleta wembe. Tunyoane, halafu tugawane."

"Haraka ya nini? Baba hajatoka hapa. Tunamtengeaga chakula, asubuhi sahani tunaikutaga tupu."

Benedikta, mke wa Boniphace, alikuwa anakuja na maji ya kunawa na sahani hiyo: ugali na samaki wadogo wawili, furu. Aliiweka kwenye kigoda bila kumtazama mtu.

Dafroza akakaa chini, akavua kitambaa cha kichwa, akajimwagia maji ya kunawa kichwani. Akachana karatasi ya wembe, akajinyoa mwenyewe. Nywele za miaka mitatu zilidondoka mapajani. Damu ilimtoka nyuma ya sikio. Hakuna aliyemzuia. Mbwa aliinuka, akanusa zile nywele, akalala kando yake.

Alipomaliza alivuta kile kigoda akaanza kula.

"Hicho cha Baba!"

"Baba amekufa, kaka."

"Nani kasema?"

Dafroza akamaliza furu wa pili. Kisha akaweka wembe mwingine, ungali kwenye karatasi yake, juu ya koti lile, gotini kwa Boniphace.

"Jumamosi nitakaa mlangoni na kichwa hiki. Huyo mnunuzi wako lazima ataniuliza nimefiwa na nani."

Boniphace hakuugusa wembe. Alikohoa, mara mbili. Safari hii mbwa hakuinua kichwa.