Presha Niliyoiandika

Niseme mapema: mimi si mjinga. Katika darasa la uuguzi nilikuwa wa pili. Lakini wodini, mbele ya Sista Mbuthia, muuguzi mkuu, hata jina langu Kaindi lilinipotea.

Wodi yetu ya waliojifungua ilikuwa na mashine moja tu ya presha iliyofanya kazi, na Sista aliifungia kabatini ofisini mwake. Mwanafunzi akiihitaji, sharti kwanza ajibu maswali yake kwa sauti, wagonjwa wakisikiliza. Wiki ya kwanza nilikosea jibu, akaniambia nikauze mboga za sukuma soko la Kangemi. Watu walicheka. Tangu siku hiyo niliukwepa mlango wa ofisi yake.

Saa nane mchana nilitakiwa kumpima Philister, msichana wa kazi kule Kitisuru, aliyejifungua kwa upasuaji jana yake.

"Kaindi, kichwa inaniuma vibaya," aliniambia. "Naona kama taa ya stima inawaka-waka."

Nilijua. Hilo ndilo linaloniua: nilijua maana yake, kwamba presha imepanda na degedege iko njiani. Nikaenda hadi mlango wa ofisi, nikasikia Sista akimfokea mwenzangu. Nikarudi, nikatazama presha ya asubuhi kwenye chati, nikaandika nyingine inayofanana nayo. Wanafunzi wengi tulifanya hivyo, na tuliita kupika presha. Nikamwambia Philister apumzike.

Saa tisa na nusu alishikwa na degedege. Sista alikuja mbio, akaisoma chati.

"Si presha ilikuwa sawa?"

Nikaitikia kwa kichwa. Walihangaika naye hadi saa kumi na moja, akafa. Mtoto wake wa kike alikuwa amelala pembeni, ameshiba.

Mumewe, Clifford, mtunza bustani Lavington, alifika na chupa ya uji. Daktari alipomaliza kumweleza, alinifuata koridoni, chupa bado mkononi.

"Sista, wewe ndiye ulikuwa na yeye. Kuna kitu alisema?"

Hakuna aliyewahi kuniita Sista. Nikafungua mdomo, nimeapa moyoni kwamba safari hii nitausema ukweli. Ndipo nikamwona Sista Mbuthia nyuma yake, ametukodolea macho.

"Alikuwa anakuulizia wewe," nikasema. "Hakusikia uchungu."

Clifford aliweka chupa chini, akanishika mikono yote miwili. Alilia huku akinishukuru, nami nikamwacha anishukuru.